Kuishi mlimani: ni kuzoea tu, au ni mambo ya kuzaliwa nayo?

#1 Msafiri Tulivu
Wakuu, salaam.

Kazi ilinipeleka nyanda za juu sana, zaidi ya mita 3,500 kutoka usawa wa bahari. Siku za mwanzo kichwa kinagonga, usingizi unakatikakatika, ngazi za ghorofa moja nazimaliza nimeshika ukuta. Pembeni yangu watoto wa wenyeji wanakimbizana na mpira, hata hawatweti. Baadaye nikakaa sawa, nikawa nabeba mizigo na kupanda bila kusimama.

Hoja yangu ni hii: mwili wa binadamu unazoea. Hakuna damu ya mlimani wala damu ya bondeni. Mzima yeyote ukimpeleka juu na ukampa muda, atakuwa sawa na waliozaliwa huko. Anayepinga aje na ushahidi, asije na zile hadithi za "wale wameumbwa tofauti".

#2 Kiti cha Mbele
Naweka kambi hapa. Wajuzi shusheni nondo.

#3 Fundi Radi
Nakubaliana na mtoa uzi. Huko juu asilimia ya oksijeni kwenye hewa inapungua, mwili unaongeza damu, mambo yamekwisha. Sioni cha kubishania.

#4 Dada wa Maabara
Fundi Radi, asilimia haipungui. Uwe ufukweni au kileleni, oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa. Kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa. Ukifika mita 4,000, pumzi moja inakupa takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungeipata usawa wa bahari.

Sasa mtoa uzi, kilichokupata wewe kinajulikana vizuri. Kwanza unahema haraka, hata usingizini, na ndiyo maana usingizi ulikuwa unakatika. Kisha figo zinahisi upungufu, zinatoa homoni iitwayo erithropoitini, nayo inauamuru uboho utengeneze seli nyekundu zaidi. Ungepimwa himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, baada ya wiki kadhaa ungekuta imepanda. Huko ndiko kuzoea, na karibu kila mwenye afya anao uwezo huo.

Ila Watibeti, wenyeji wa uwanda wa juu wa Tibet huko Asia, hawafanyi hivyo. Wapo mita 4,000 na himoglobini yao inakaribiana na ya mtu wa usawa wa bahari. Kama ni mazoea peke yake, wao walioishi huko maisha yao yote wangekuwa na damu nzito kukushinda. Badala yake ni nyepesi kuliko yako wewe mgeni. Hilo unalielezaje?

#5 Mzee Kipimo
Dada wa Maabara kaongea, na mimi naongezea lililo gumu zaidi.

Nenda milima ya Andes. Wenyeji wa kule, mwinuko uleule, himoglobini yao IKO juu, tena juu sana. Wao walipita njia ya kuongeza seli, na wengine wanaumia nayo. Mwaka 1925 daktari wa Peru, Carlos Monge, alieleza ugonjwa wa watu wa milimani ambao damu yao inakuwa nzito kupita kiasi: midomo ya zambarau, kichwa, kizunguzungu, moyo kuchoka. Mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kuna mji wa wachimba dhahabu huko Peru, La Rinconada, upo zaidi ya mita 5,000, na ugonjwa huo ni jambo la kawaida kwao.

Halafu njoo nyanda za juu za Ethiopia. Mwaka 2002 Cynthia Beall na wenzake waliandika kuhusu Waamhara wanaoishi kama mita 3,500. Himoglobini ya kawaida, na oksijeni katika damu ya kawaida pia, kana kwamba hawapo mlimani kabisa. Hiyo ni njia ya tatu.

#6 Kiti cha Mbele
Milima mitatu majibu matatu, mtoa uzi kaja na jibu moja. Mkuu Msafiri, uko wapi? Usituachie uzi wako tuulee sisi.

#7 Msafiri Tulivu
Nipo, nasoma kwa makini.

Dada wa Maabara, huenda Watibeti wamezoea kwa namna bora kwa sababu wameanza tumboni mwa mama. Mimi nilifika mtu mzima. Himoglobini kuwa chini si ushahidi wa kurithi, ni ushahidi kwamba wameanza mapema. Na hao wa Andes wanaougua, si ndiyo kusema hata wenyeji hawajakamilika? Kama wamerithi kinga, mbona wanaumwa?

#8 Mkunga Mstaafu
Wanangu, acheni niingie hapa maana mmegusa tumbo la mama.

Nimezalisha kwenye vituo vya bondeni na vya juu. Mwinuko ukiongezeka, uzito wa mtoto wakati wa kuzaliwa unapungua. Hili si siri, limepimwa sehemu nyingi duniani, sababu kubwa ni damu inayofika kwenye kondo la nyuma. Lakini hawapungui sawasawa. Watoto wa mama Watibeti na wa mama wa Andes hupungua kidogo kuliko watoto wa mama waliohamia juu kutoka chini. Na mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba kwa mama hao wa asili inatanuka vizuri zaidi.

Mkitaka kujua maumbile yanachuja wapi, msiangalie wapanda milima na wakimbiaji. Angalieni chumba cha kujifungulia. Mtoto anayezaliwa na gramu za kutosha anaishi, anakuja kuzaa wake. Aliyezaliwa mdogo mno, kabla ya hospitali hizi za sasa, tulikuwa tunamzika. Vizazi mia kadhaa vya namna hiyo si jambo dogo.

#9 Jabali la Kaskazini
Shikamoo mama. Bandiko #8 limenyoosha mambo.

Kuhusu Watibeti, jeni yenyewe inajulikana, inaitwa EPAS1. Ndiyo inayozuia mwili kuhamaki na kutengeneza seli nyekundu kupita kiasi. Na waliipata kwa kuchanganyika na Neanderthal, wale binadamu wa kale waliokwisha kutoweka.

#10 Dada wa Maabara
EPAS1 sawa, Neanderthal hapana. Utafiti wa 2014 ulikuta kipande hicho cha vinasaba kinafanana na cha Wadenisova, ndugu wengine kabisa wa zamani. Tunawafahamu kwa mfupa wa kidole uliopatikana kwenye pango la Denisova, Siberia, mwaka 2008. Vinasaba vyake vikasomwa mwaka 2010. Kwa hiyo Watibeti hawakuanza kutoka sifuri, walirithi kitu kilichokuwa tayari kwenye damu ya watu wengine, na kule juu kikapata kazi.

Hiyo inamgusa Msafiri moja kwa moja. Huwezi "kuzoea" jeni ya Denisova.

#11 Jabali la Kaskazini
Ahsante kwa kuweka sawa. Kwa hiyo hao Wadenisova wenyewe waliishi milimani?

#12 Mzee Kipimo
Kuna taya la Mdenisova lilipatikana kwenye pango la Baishiya, uwanda wa juu wa Tibet, zaidi ya mita 3,200, na lina umri usiopungua miaka 160,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa hajafika huko.

#13 Nahodha wa Usiku
Mnakaa mlimani tu, shukeni majini.

Wabajau wa Indonesia ni watu wa kupiga mbizi, kizazi baada ya kizazi. Utafiti wa 2018 uliwapima bandama, ukakuta ya kwao ni kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko ya jirani zao Wasaluan ambao ni wakulima. Bandama ni ghala la seli nyekundu; ukizama inajikamua, inaingiza seli hizo kwenye mzunguko wa damu. Mtu angesema ni mazoezi ya kuzamia. Lakini hata Wabajau wasiozamia kabisa wana bandama kubwa. Wakaikuta na jeni inayohusika, PDE10A.

Msafiri, hapo pole sana.

#14 Msafiri Tulivu
Nahodha, usishangilie mapema. Kuna Wamoken, watu wa bahari wa Thailand na Myanmar. Watoto wao wanaona chini ya maji kwa uwazi mara mbili kuliko watoto wa Ulaya, bila miwani. Mwanasayansi wa Sweden, Anna Gislén, aliandika habari zao mwaka 2003. Wanabana mboni za macho ziwe ndogo kabisa na kukaza lenzi, wakati mtoto wa kawaida akiingia majini mboni zinatanuka kwa kuwa kuna giza.

Watu wote wakasema hayo ni ya kuzaliwa nayo. Akachukua watoto wa Sweden, akawafundisha, wakaweza vilevile. Mazoezi matupu! Laiti asingejaribu, hadi leo tungekuwa tunatafuta "jeni ya Wamoken". Nauliza, mambo mangapi mnayoyaita ya kurithi hayajajaribiwa hivyo?

#15 Kiti cha Mbele
Goli hilo. Mtoa uzi kafufuka.

#16 Mwalimu wa Viungo
Hoja ya #14 nzito, ila nadhani mnabishana kana kwamba milango ni miwili tu. Upo wa tatu: kukulia.

Chukua jasho. Matezi ya jasho tunazaliwa nayo, yanahesabiwa kwa mamilioni, lakini mangapi yataamka na kufanya kazi huamuliwa utotoni, miaka ya mwanzo kabisa. Mjapani Yas Kuno alilionyesha hilo zamani kwa kulinganisha Wajapani: waliokulia nchi za joto walikuwa na matezi mengi yanayofanya kazi kuliko waliohamia huko wakiwa wakubwa. Vinasaba vilevile, joto tofauti utotoni, mwili tofauti ukubwani. Na haurudi nyuma.

Mapafu nayo ni hivyohivyo. Roberto Frisancho alipima watu Peru miaka ya 1970. Waliopandishwa mlimani wakiwa watoto walipata uwezo wa mapafu unaokaribia wa wenyeji. Waliopanda wakubwa hawakufika. Sasa huyo aliyepandishwa mtoto utamweka wapi? Hakurithi, wala hakuzoea kama alivyozoea Msafiri.

Nafundisha vijana mazoezi. Tukifanya kambi ya joto, jasho lao linaanza kutoka mapema na linapungua chumvi ndani ya wiki moja au mbili, kisha wakirudi kwenye baridi hali hiyo inapotea. Hiyo ni ya kuzoea. Ya matezi haipotei. Msichanganye hizi mbili.

#17 Fundi Radi
Mwalimu, kama ni hivyo basi hata kifua kipana cha watu wa Andes ni malezi ya hewa, si ukoo.

#18 Mwalimu wa Viungo
Sehemu yake ndiyo, sehemu yake pengine ukoo. Kutenganisha ndiyo kazi.

#19 Ua la Mchana
Samahanini nitoke kidogo mlimani. Mimi ni mama wa binti mwenye ualbino. Nimekuwa nikisoma kwa nini ngozi za watu wa maeneo ya jua kali ni nyeusi, na kila nikisoma nakutana na maelezo tofauti.

Wapo wanaosema ni kulinda foleti, ile vitamini tunayopewa wajawazito ili mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Miale ya jua inaiharibu kwenye damu, melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, inaikinga. Nina Jablonski na George Chaplin walilieleza hilo kwa kirefu mwaka 2000. Wengine wanasema ni saratani ya ngozi. Wa kwanza wanawajibu kwamba saratani inakuja uzeeni, mtu ameshazaa, haiwezi kuchuja kizazi.

Hilo jibu linaniuma. Waliolitoa hawajakaa kwenye foleni ya kliniki yetu. Nimeona vijana wadogo wenye ualbino wakiwa na vidonda vya saratani shingoni na masikioni, wengine hawakufika umri wa kuoa. Mwaka 2014 Mel Greaves wa Uingereza alitumia habari za watu wenye ualbino barani Afrika kusema saratani ingeweza kabisa kuua kabla ya uzazi. Binti yangu anapakwa losheni ya kuzuia jua na kuvaa kofia pana, mikono mirefu, kila siku ya Mungu. Najua jua linafanya nini kwa ngozi isiyo na kinga.

#20 Mkunga Mstaafu
Hongera kwa malezi, mwanangu. Usiache kumpaka hata siku ya mawingu, na macho yake yapimwe.

Mimi huwa naona sababu zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Maumbile hayachagui sababu moja ili tupate urahisi wa kuandika.

#21 Jabali la Kaskazini
Na upande wa pili, weupe, ni vitamini D. Jua hafifu, ngozi nyeusi haitengenezi ya kutosha, mifupa inapinda, nyonga ya mwanamke inabana, uzazi unakuwa taabu. Rahisi.

#22 Mzee Kipimo
Rahisi mpaka ufike kwa Wainuiti, wenyeji wa Aktiki. Wapo kaskazini ya mbali kuliko Wazungu walio wengi na si weupe kama wao. Wenye nadharia yako wanajibu kwamba samaki na wanyama wa baharini wanawapa vitamini D. Sawa. Halafu kuna mifupa ya mtu wa Cheddar, Uingereza, ya miaka kama 10,000 iliyopita. Vinasaba vyake vilivyotangazwa mwaka 2018 vinaonyesha huenda alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya rangi ya samawati. Maana yake watu walikaa Ulaya maelfu ya miaka bila kuwa weupe. Kama vitamini D ilikuwa inawamaliza, walichelewa mno. Wengine wanadhani weupe ulikolea kilimo kilipoingia na samaki wakapungua kwenye mlo. Wengine wanasema ni wahamiaji waliokuja nao kutoka mashariki. Mimi nipo katikati.

#23 Mpole wa Bonde
Nakazia habari ya mtoto. Mnaposema "faida ya kimaumbile" mkumbuke kuna wanaoilipa. Mwanangu ana selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye jeni moja tu ya selimundu wanakingwa na malaria. Aliona jeni hiyo imejaa karibu na bahari na Ziwa Victoria, lakini ni chache nyanda za juu kavu zisizo na mbu. Mimi na mke wangu kila mmoja anayo moja, malaria haituingii. Mtoto akapata mbili.

#24 Dada wa Maabara
Pole sana Mpole wa Bonde. Naomba nirekebishe kitu kimoja kwa ajili ya usalama wenu: malaria INAWAINGIA. Jeni moja inapunguza sana uwezekano wa malaria kali, ile ya kupanda kichwani na kumaliza damu. Haizuii kung'atwa wala vimelea kuingia. Mkipata homa, pimeni. Na mtoto mwenye jeni mbili malaria ni hatari zaidi kwake, alale kwenye chandarua kila usiku na afuate dawa za kinga anazoandikiwa.

#25 Mpole wa Bonde
Nimepokea dada, ahsante. Tutapima.

#26 Tembo Mkimya
Nimesoma yote. Naona hapa mmethibitisha kwamba mbari za binadamu zimeachana kabisa, kila moja na mwili wake.

#27 Mwalimu wa Viungo
Hapana, hapana. Rudia #4 na #5. Wa Tibet, wa Andes na wa Ethiopia wanaishi hewa ileile nyembamba na wametofautiana. Weusi wa Melanesia, visiwa vya Pasifiki, na weusi wa Afrika wana rangi moja, ukoo uko mbali sana. Sifa hizi zinafuata mazingira, hazifuati vile visanduku vyako. Selimundu ipo Afrika, ipo India, ipo nchi za Kiarabu, ipo Ugiriki, inafuata mbu.

Richard Lewontin alipiga hesabu mwaka 1972: takriban asilimia 85 ya tofauti za vinasaba zimo ndani ya kila jamii. Na bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko yote ni Afrika. Wewe na jirani yako mnaweza kutofautiana kwa mengi kuliko unavyodhani. Suala hili limetumika kudhalilisha watu kwa karne nzima, tusiliache lipite hivihivi.

#28 Tembo Mkimya
Sawa mwalimu, lakini tofauti zipo, hamkatai.

#29 Mwalimu wa Viungo
Sikatai zipo. Nakataa ulivyozigawa.

#30 Nahodha wa Usiku
Wakati mnapoa, niwatupie la Waturkana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la Science umekuta jeni inayohusika na figo, STC1, imependelewa kwa nguvu na mchujo wa maumbile kwa wafugaji hao. Nchi kavu, maji shida, chakula karibu chote kinatoka kwa mifugo. Figo inabana maji na kuhimili taka za mwilini zinazotokana na kula nyama. Na utafiti wa awali wa watu haohao ulikuta walioingia miji mikubwa afya yao ya moyo na sukari inazorota.

#31 Fundi Radi
Ndiyo maana nasema mwili ni wa mahali. Kilichokuwa dawa jangwani kinakuwa sumu mjini.

#32 Dada wa Maabara
Inawezekana. Inawezekana pia ni mafuta na sukari za mjini, na kukaa bila kutembea, mambo ambayo yanamharibu mtu yeyote mwenye figo yoyote. Wainuiti wana mabadiliko ya jeni za kusaga mafuta, FADS, na wao mlo wa kisasa unawasumbua. Kila mahali lawama zinagawanywa kati ya jeni na sahani, na haijulikani nani achukue kubwa.

#33 Kiti cha Mbele
Hamjagusa wakimbiaji wa nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, nashangaa.

#34 Mzee Kipimo
Tukiwagusa huu uzi hautaisha. Mwinuko? Nepal na Bolivia zina mwinuko zaidi, bingwa wa marathoni hawatoki huko. Miguu miembamba chini ya goti? Wapo wengi wa namna hiyo wasiokimbia. Mtu akitaka afungue uzi wake, nitakuja.

#35 Msafiri Tulivu
Narudi kwenye hoja yangu. Mwalimu amenipa njia #16. Mnipe mtoto wa ukoo wa bondeni aliyezaliwa mlimani, mlinganishe na mtoto wa ukoo wa mlimani, hospitali moja, mwinuko mmoja. Hapo ndipo tutajua. Vinginevyo mnalinganisha waliokulia juu na waliopanda na mizigo yao.

#36 Dada wa Maabara
Imeshafanyika. Lhasa, mji wa Tibet, mita 3,650 hivi, matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Watoto wachanga wa Kitibeti na wa Kihan (kabila la Wachina walio wengi, ukoo wa bondeni), wote wamezaliwa palepale. Wakawapima oksijeni kwenye damu tangu kuzaliwa hadi miezi minne, wakiwa macho, wakinyonya, wakilala. Watibeti walikuwa juu kila hatua. Wa Kihan walizidi kushuka, hasa usingizini. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuzoea hapo, Msafiri. Ni vichanga.

#37 Msafiri Tulivu
Hiyo ni nzuri, nakiri imenipa kazi. Ila soma tena bandiko #8 la mama. Mishipa ya tumbo la mama Mtibeti inapeleka damu vizuri zaidi. Kwa hiyo vile vichanga viwili havikukaa mazingira mamoja. Kimoja kimepata miezi tisa ya oksijeni nzuri, kingine kimebanwa. Mmepima mtoto au mmepima tumbo?

#38 Mkunga Mstaafu
Swali zuri hilo. Lakini tumbo la mama huyo limefanywa na nini, mwanangu? Yeye naye alizaliwa na mtu.

#39 Jabali la Kaskazini
Ingebidi wapatikane wenye baba Mtibeti na mama Mhan, na wengine kinyume chake. Mwenye kufahamu kama wamepimwa aweke hapa.